Kasongo Haina Helikopta, Iko na Maboy wa Nduthi

Kuna drama moja ya Uingereza inaitwa Call Red. Ilitokea ITV mwaka wa 1996, ikapiga msimu mmoja, ikazimwa, na sai hata wasee wa huko wengi hawaikumbuki. Story ilikuwa ya mbogi ya ambulansi ya angani: dakta, paramediki na pailoti wamekaa base wanangoja simu, ikilia wanaruka. Haikuwa jaba tupu. London ilikuwa imeanza helikopta ya hivyo mwaka wa 1989, na mwaka uliofuata ikahamia juu ya paa la Royal London Hospital, pale Whitechapel. Kuna kitu wengi hawaishikangi kuhusu hiyo helikopta. Kazi yake kubwa ni kubeba dakta. Inamdondosha penye msee ameangukia, anamshughulikia hapo hapo kwa lami, alafu mara nyingi mgonjwa anapelekwa hosi na ambulansi ya kawaida ya magurudumu. Na giza ikiingia helikopta inalala. Usiku mbogi inatumia gari.

Kwa TV hayo yote yanamezwa na kelele ya panga. Kila wiki lazima fundi aanguke kwa ngazi, gari ipinduke, mtoi azame, ndio mbogi ipate kazi, na kabla kipindi kiishe kila mtu ako sawa ama amededi kwa heshima. Mimi drama za hivi nazipenda, sikatai, lakini naelewa mbona zingine hazidumu. Ukishaona helikopta ikitua mara nne, ya tano unaenda kuchemsha chai. Kenye huwezi choka kuangalia ni ile time kabla helikopta ije. Msee amelala hapo, watu wamemzunguka, kila mtu anatoa ushauri na hakuna mwenye anajua afanye nini. London hiyo time ni dakika. Kuna mahali hiyo time ndio story yote.

Chukua hiyo script uipeleke Kasongo.

Najua Mkenya akiskia Kasongo anacheka kwanza, juu kichwa kinaenda kwa ile ngoma ya Orchestra Super Mazembe ya 1977, alafu kinaenda kwa prezo, mwenye mitandao ilimbandika hiyo jina mwisho wa 2024 na ikamganda. Weka hizo pembeni. Kasongo naongelea ni mji wa ukweli, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo. Ukichora laini kwa ramani kutoka Wilson Airport hadi huko, ni zaidi ya kilomita 1,100. Jirani yake upande wa mashariki ni Kabambare, kama kilomita 115 kwa laini iliyonyooka. Helikopta ingekula hiyo mwendo kwa nusu saa hivi. Kwa nduthi, hakuna mwenye atakupea masaa. Anakuuliza kwanza: mvua imenyesha?

Kindu, penye gavana wa Maniema anakaa, ni kama kilomita 185 kutoka Kasongo, hiyo ni ya ndege. Njia ya gari ni ndefu zaidi na inategemea roho ya matope. Reli iko, ile ya kutoka Kindu kushuka Kongolo hadi Katanga, lakini inapita upande wa pili wa Lualaba, kwa hivyo mtu wa Kasongo akitaka treni lazima kwanza avuke mto aende Samba. Huku katikati ya Kasongo na Kabambare kuna mto Luama, mwenye unaenda kumwaga maji Lualaba. Mtu akigonjekea upande mbaya wa maji, hesabu ya kwanza ni mtumbwi: uko upande gani, na mwenye kasia ameamka?

Alafu watu wa huko wanaongea Swa, na si ya kuungaunga. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip wa Zanzibar, alifanya Kasongo kuwa moja ya base zake, na jeshi la Wabelgiji lilipouteka mji mwaka wa 1893 lilikuta mitaa, mashamba ya mpunga na misikiti. Misikiti bado iko. Ukishuka Kasongo na Sheng yako ya Eastlands mtaelewana vizuri tu, labda wao wakucheke.

Mgonjwa maarufu zaidi kuwahi kukwama hizo sehemu alikuwa mwenyewe dakta. David Livingstone, yule wa vitabu vya shule. Story zake huko husomwa ka story za kusaka chanzo cha Nile, lakini mimi nikizisoma naona faili ya hosi. Januari 1867 wapagazi wawili walihepa na sanduku lake la dawa. Dakta bila dawa, katikati ya bara. Mwanzo wa 1869 kifua kikamkamata, akashindwa kutembea, na mwenye alimwokoa alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Mohamad Bogharib, mwenye alimfungia kitanda watu wakambeba mabegani hadi Ziwa Tanganyika. Alifika Ujiji Machi, akapata nafuu, akarudi njia. Septemba mwaka huo akaingia Kabambare, yeye aliandika Bambarre. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamchapa vibaya: kuanzia 22 Julai hadi 10 Oktoba 1870 hakutoka kwa nyumba. Siku 80. Kitu ilimpea nafuu kidogo ni unga wa malakiti, lile jiwe la kijani, uliosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya. Mzungu mwenye dunia nzima ilikuwa inamtafuta alilala Kabambare karibu miezi mitatu sababu ya miguu, na hakuna mtu Uingereza alikuwa na habari.

Hicho kitanda cha mabegani hakijastaafu. Mashariki ya Kongo kinaitwa kipoyi ama tipoyi. Unachukua miti miwili mirefu, mianzi ikipatikana, unafunga blanketi ama mkeka katikati, wengine wanafunga kiti cha mbao. Wanaume wanne wanainua, wengine wanne wanatembea kando wakingoja zamu. Ukicheki vizuri utaona kabega ka mbebaji mkongwe kako na sugu. Nyuma wanafuata wanawake na sufuria, unga wa muhogo, kuni na mkeka, juu hosi za huko hazipikii mgonjwa. Ukikutana na hiyo msafara kwa kinjia ka msitu unasimama pembeni. Huulizi mengi. Ukiona wanaenda mbio, kuna matumaini.

Sasa nishikie hapa, juu Kasongo iko na kitu mtu wa Nairobi hajui, na hata wengi wa Kongo wameshasahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, timu ya madakta Wakongo na Wabelgiji, wakishikana na Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, walianza kazi Kasongo yenye ilikuja kuitwa Mradi wa Kasongo. Walikuwa wanajaribu swali moja gumu. Ukiwa na pesa kidogo, madakta wachache na watu wametawanyika vijijini, unatibu aje mji na msitu wote? Jibu lao lilikuwa vituo vidogo vya afya vyenye manesi, karibu na watu, alafu hosi moja mjini yenye inapokea wale wameshinda nesi. Leo inakaa kitu ya kawaida. Wakati ule wakubwa wengi walikuwa wanajenga mahosi makubwa ya kukata utepe. Kongo nzima sai imegawanywa kwa kanda za afya za aina hiyo. Eneo la Kasongo liko na Kasongo yenyewe, Kunda na Samba. Kabambare iko na Kabambare, Lusangi na Salamabila. Na msee mmoja wa ile timu, Wim Van Lerberghe, ndiye aliongoza kuandika ripoti ya afya ya dunia ya WHO ya 2008, ile ya kurudisha huduma za msingi mbele. Kwa hivyo kuna mstari kutoka kituo cha nesi cha Kasongo hadi Geneva.

Lakini kenye kilinimaliza ni utafiti wao wa uzazi. Hiyo time kila mahali nesi alikuwa anafunzwa kupima wajawazito na kuwapanga: huyu mfupi, huyu alishawahi pata shida, hawa ni hatari, wapelekwe mjini mapema. Hao wengine wazae kijijini. Idea safi. Timu ya Kasongo ikaketi ikahesabu, ikauliza kama hiyo kupanga inafanya kazi kwa ile shida ya mtoi kukwama akizaliwa. Wakapata kati ya wamama wenye uzazi ulikwama, asilimia 71 hawakuwa wametabiriwa. Na wale waliowekwa kwa listi ya hatari, asilimia 90 walizaa bila hiyo ngori. Manze, isome tena. Nesi mzuri, na kipimo chake na daftari lake, bado hawezi kukushow ni nani atakwama saa nane usiku. Kwa miaka ya mbele hizo namba zilirudiwa sana na wataalamu wa uzazi duniani, walipoanza kusema kutabiri pekee hakutoshi: kila mama mjamzito anafaa kuwa na njia ya kufika kwa upasuaji haraka.

Njia ya kufika. Hapo ndio mbogi ya Call Red inaingia, na Kasongo mbogi hiyo inavaa ndala.

Niko na beshte wa Kasongo, sai anachonga nywele kwa kinyozi moja Umoja. Kabla akuje Nairobi alikuwa dere wa moto, huko nduthi wanaita moto, na dere anaitwa motari. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, na hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni mudogo yake tu. Siku moja kwa TV ya kinyozi kulikuwa na muvi, helikopta inashuka kwa barabara, nikamuuliza ka kwao walikuwa wanaona hizo. Aliendelea kunyoa tu. "Mudogo yangu, ndege inakuya juu ya bakubwa. Siye tulikuwaka tunabebana."

Kwanza luku. Motari wa Maniema haendi kazi akikaa hovyo. Jaketi nzito kwa hilo joto lote, juu upepo wa mbio na vumbi ya njia inachapa kifua. Miwani ya giza. Jezi ya timu ya Ulaya chini ya jaketi. Gambuti masika ikiingia. Simu imefungwa kwa karatasi ya nailoni, mara mbili, na noti ziko ndani ya nailoni ingine. Kwa madigadi ya mbele unaweza pata ameandikisha aya ya dini ama jina la mtoi wake. Mafuta hanunui kwa kituo, ananunua kwa Kadhafi. Ndio, Kongo msee wa kuuza mafuta kwa chupa kando ya barabara anaitwa hivyo, ka yule buda wa Libya. Kadhafi mzuri ndio oksijeni ya hii biashara. Akichanganya mafuta na maji, umekwama msituni na abiria, na ukiwa na mgonjwa hiyo ni ngori ingine kabisa.

Pesa ya kununua moto yenyewe hutoka wapi? Kwa wengi wa upande wa Kabambare, ni dhahabu. Salamabila na Namoya ni sehemu za machimbo, na kampuni ya Kanada, Banro, ilianza kutoa dhahabu kibiashara Namoya Januari 2016, ikasimamisha kazi 2019 baada ya wafanyakazi wake kutekwa na watu wa bunduki. Wachimbaji wa mkono wao hawakusimama. Kijana anashuka shimoni, akibahatika anapata gramu za kutosha, na kitu ya kwanza anataka ni kutoka shimoni. Moto ndio mlango. Hakuna mtu hununua moto akisema anataka kuwa ambulansi. Ananunua kubeba muhogo, mchele, mafuta ya mawese, bia, mwalimu, paroko. Alafu usiku mmoja kuna mtu anagonga mlango.

Beshte wangu alinieleza venye mgonjwa anapandishwa, akatumia kiti cha kinyozi kunishow. Motari anakaa mbele kabisa, karibu apande tangi. Mgonjwa anawekwa katikati. Nyuma anakaa mtu mwenye nguvu na roho ngumu, mara nyingi shangazi ama mama mkwe, anamkumbatia mgonjwa kwa kiuno. Alafu kitenge kinazungushwa, kinawafunga wote watatu pamoja, juu mgonjwa akizimia anaweza kuvuta nduthi yote chini. Kama nesi wa kituo ameshaweka maji ya mshipa, ile chupa inafungwa kwa kijiti na shangazi anakishika juu kwa mkono mmoja. Mwendo wote. Mkono ukichoka hakuna wa kubadilishana naye. Mfukoni kuna karatasi ya nesi ya kumtuma mgonjwa hosi kubwa, na hiyo karatasi inalindwa kuliko noti.

Huyo shangazi ndiye paramediki. Hajawahi kupewa mafunzo, hana sare, na anaongea na mgonjwa njia nzima ili asilale. Nilipoangalia scene za helikopta baadaye, kila paramediki alikuwa kijana ako na misuli. Nilicheka peke yangu.

Nikamuuliza beshte ni nini ilikuwa inamtisha zaidi, mashimo? Alisema: "Shimo tunaijua. Bariere njo tulikuwaka tunaogopa." Bariere ni kizuizi. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, kuna wasee wameketi, wengine ni askari, wengine ni vijana wa bunduki wa Mai-Mai, na hakuna kupita bure. Upande wa Salamabila kundi la Mai-Mai Malaika lilijulikana sana. Kuna bariere zenye wakiona mama analia wanafungua mbio. Kuna zenye unalipa ka kawaida. Alisema mgonjwa akiwa kimya sana ndio mbaya, juu wale wasee wanaweza kudhani umebeba maiti, na maiti iko na bei yake.

Ukifika hosi, bado. Kuna bili. Kongo ni jambo la kawaida mgonjwa mwenye amepona kuzuiliwa hadi familia ilipe, mama na mtoi mchanga wakikaa hosi wiki baada ya wiki wakingoja mbuzi auzwe. Motari naye anataka ya mafuta. Hapo ndio unaona roho ya mtu. Beshte alisema kuna wenye aliwabeba wakamlipa kuku, wenye wakamlipa mwaka mmoja baadaye, na wenye hawakulipa na bado wakikutana wanasalimiana vizuri. Sikumuuliza ni wangapi walififia njiani. Alishika wembe, na mteja alikuwa na haraka.

Sasa, kuna watu watasema suluhisho ni ndege. Na sisi wa Nairobi hatuwezi kucheka ndege, juu hii mji ndio imezaa ambulansi ya angani ya kwetu. Mwaka wa 1957 madakta watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kenye leo ni Amref. McIndoe ndiye yule wa New Zealand mwenye alishona upya sura za mapailoti walioungua Vita ya Pili. Wasee wakawa wanaruka kutoka Wilson na vindege vidogo, wanatua kwa uwanja wa nyasi, wanapasua mgonjwa, wanarudi, na vituo vya mbali vinawaita kwa redio. Werner Herzog, yule dairekta Mjerumani, alikuja akawafanyia filamu ya 1969. Anne Spoerry, Mfaransa mwenye alikuwa dakta na pailoti pamoja, aliruka miaka mingi hadi uzeeni, na Lamu hadi Turkana walimjua ka Mama Daktari. Ukitaka drama ya angani yenye haiishi msimu mmoja, iko hapa Lang'ata Road.

Na hiyo kazi huua pia. 7 Agosti 2025, ndege ya Amref Flying Doctors iliruka kutoka Wilson ikielekea Hargeisa, ikaanguka Mwihoko, pale karibu na Githurai. Wanne waliokuwa ndani wote walikufa, na wawili wengine waliokuwa chini kwa mtaa. Wasee wa mtaa ndio walifika kwanza, na mikono mitupu. Kwa hivyo sina mdomo wa kudharau mtu wa kuruka.

Lakini ndege hutua penye kuna mtu wa kuilipia. Bima, ubalozi, kampuni ya madini, jeshi la UN, shirika la misaada. Mama wa Lusangi mwenye ameanza kutoka damu hana kadi ya kitu. Na Maniema ndege haijakuwanga kitu cha kutegemea. Zamani, Novemba 1961, wanahewa kumi na watatu wa Italia, wenye walikuwa wameletea askari wa UN mizigo, waliuawa Kindu na wanajeshi waasi. Siku hizi shida ni ingine. Kindu ilizoea kupokea mizigo kwa ndege kutoka Goma, alafu mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma, uwanja ukafungwa, na Februari uwanja wa Kavumu wa Bukavu ukafuata. Ndege ilipokosa kwa kuanzia, hata wenye walikuwa na pesa wakaingia foleni ya moto na matope. Nduthi haikuomba mtu ruhusa. Iliendelea tu.

Na hata ukileta helikopta kumi kesho, bado kuna ile swali ya timu ya Kasongo. Inatua wapi, saa ngapi, na nani anaipigia simu kwa kijiji chenye mtandao unapatikana tu juu ya kilima? Mtoi hukwama usiku, na usiku hata ya London imelala. Mimi naona pesa ya helikopta moja ingefanya maajabu kwa vitu vyenye havipendezi kwa TV: daraja za mbao zenye haziozi, kivuko chenye mafuta, foni ya redio kwa kila kituo, damu salama kwa friji ya hosi, na dakta wa kupasua mwenye amelipwa mshahara wake mwezi huo. Hakuna mtu atafanya drama ya friji. Lakini bila hiyo friji, motari anakimbiza mgonjwa hadi kwa ukuta.

Mwenye anastahili drama ni huyo motari. Tushaona ikiwezekana: Njoro wa Uba ilichukua dere wa taksi wa Nairobi, mtu wa kawaida na gari ya watu, na watu wakakaa chini wakaangalia. Motari wa Kasongo ako na kila kitu script inataka. Ako na deni la moto. Ako na bariere mbele na mvua nyuma. Ako na mgonjwa mwenye ni shemeji ya adui yake. Ako na shangazi nyuma mwenye haachi kumwambia anaendesha vibaya. Na kila kipindi hakijui ka kitaisha vizuri, juu mto Luama hausomi script. Wasee wa kamera wa Kinshasa, Lubumbashi, Nairobi na Dar, hiyo kazi iko wazi. Swa iko tayari, hata tafsiri hamhitaji. Lakini msimpee motari helikopta kwa kipindi cha mwisho, tafadhali. Mtaharibu.

Na wewe mwenye unasoma hii ukiwa umeegesha nduthi yako kwa base, Kayole ama Kisumu ama Mwanza, jua wewe pia ni ambulansi, umeshabeba mgonjwa ama utabeba. St John na Msalaba Mwekundu wanafunza huduma ya kwanza. Semezaneni base nzima, mchange, muende mjifunze kuzuia damu na kubeba mtu mwenye amevunjika bila kumvunja zaidi. Kuanzia wiki hii.